Homa ya Mwezi wa Rajabu

Nguvumali, Tanga
11 Julai 1957

Dada Mwatumu binti Hatibu,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe na watoto wako wa chuo cha Kurani. Sisi huku tunaendelea. Mwanetu Tabia anatunzwa na mama yangu, anakula vizuri, ila sasa ana mazoea ya kwenda mlangoni kila akisikia basi.

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Mtu aliyempa mdogo wako Semeni talaka siku ya Idd, mbele ya wageni, kisha akamtia kwenye basi la Pangani na sanduku lake, hana haki ya kukuuliza jambo. Lakini nauliza.

Katika karakana ya reli ninafanya kazi na seremala mmoja wa Muheza, jina lake Manase. Juzi tulikuwa tunatengeneza viti vya behewa, akaanza kunisimulia habari za mkewe, Bertha. Mwaka juzi alishikwa na homa kali, kichwa kikamuuma, shingo ikakakamaa, akawa anasema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Homa ikaisha. "Lakini aliyeinuka kitandani," Manase akaniambia, "hakuwa Bertha yule." Akawa mkali. Akawa anatia chumvi mara tatu katika mchuzi mmoja. Manase akadhani anamfanyia kusudi, hata daktari akamweleza kwamba homa ile ilifika kwenye ubongo ukavimba, na kwamba mwanamke yule hakuwa na kosa.

Nilikuwa na randa mkononi. Niliiweka chini, nikakaa.

Da Mwatumu, Semeni alikuja kwenu mwezi wa Rajabu kwa harusi. Aliniaga kwa siku kumi, akakaa karibu siku arobaini. Aliporudi alikuwa amekonda na nywele amenyoa, na penye panja pake palikuwa na chale mpya. Nilimwuliza, akanijibu ni mambo ya wanawake. Tangu hapo sikumwelewa tena. Alikuwa mpole kuliko wote nyumbani, akawa anamtukana mama. Siku ya Idd alikwenda na Tabia sokoni kununua samaki, akarudi peke yake. Nikamwuliza, "Tabia yuko wapi?" Akaniuliza, "Tabia gani?" Mtoto tulimkuta saa nane mchana, amekaa chini ya meza ya wachuuzi, amelia hata sauti imemkauka. Ndipo nilipotamka nililotamka.

Niambie kweli. Aliugua huko?

Nilimpa talaka moja tu, na bado yumo edani. Kwa hesabu yangu zimebaki wiki tatu au pungufu. Nikijua kwamba yalikuwa maradhi, nitamrejea kabla eda haijaisha, na nitakuja mwenyewe kupiga magoti. Nijibu upesi.

Shemeji yako,
Miraji bin Soud


Ushongo
19 Julai 1957

Shemeji Miraji,

Marahaba. Waraka wako umefika.

Semeni hakuugua. Alipata mafua ya siku mbili kwa upepo wa harusini, kama walivyopata wengine. Nywele alinyoa mwenyewe kwa sababu ya joto. Chale ni za kichwa kuuma, nani hapa pwani hana.

Umeniandikia habari za mke wa rafiki yako aliyeharibikiwa akili, ukataka kuzivisha kwa mdogo wangu. Ukoo wetu hauna wendawazimu, shemeji. Mimi ndiye niliyemlea Semeni tangu mama yetu alipofariki, na alipotoka mikononi mwangu kuja kwako alikuwa mzima. Kama amebadilika, jiulizeni nyinyi huko mlimfanyia nini.

Alishuka kwenye lile basi akiwa peke yake. Alikuwa amesimama njiani na sanduku lake, hajui aelekee wapi katika kijiji alichozaliwa. Mpita njia ndiye aliyemshika mkono akamleta kwangu.

Mwache amalize eda yake kwa amani. Nibusie Tabia.

Mwatumu binti Hatibu


Nguvumali, Tanga
27 Julai 1957

Dada Mwatumu,

Shikamoo. Nimekuelewa. Wewe ndiye uliyekuwa naye, na mwanamke anayefundisha watoto Kurani sina sababu ya kumtilia shaka.

Basi kama hakuugua, alikuwa na akili zake timamu alipomwacha mtoto wetu chini ya meza ya samaki. Sitamrejea.

Nimempa dereva wa basi la Pangani kanga zake mbili zilizobaki, na kitana chake.

Miraji bin Soud


Ushongo
29 Agosti 1957

Shemeji Miraji,

Nimeanza waraka huu mara nne. Naandika haraka sasa kabla sijaogopa tena.

Nilikudanganya.

Semeni aliugua. Siku ya nne baada ya harusi alisema kichwa kinampasuka. Akaniomba nifunge dirisha kwa kuwa mwanga unamchoma macho. Jioni homa ikapanda, shingo ikawa ngumu kama mti, hata nikitaka kumnyanyua kichwa nilikuwa namnyanyua na mabega. Siku ya tatu ya homa akaanza kuzungumza na mama yetu, akimwambia asogee, godoro ni dogo. Siku tisa alikuwa hivyo. Mwinyijuma, jirani yangu mwenye lori la kubebea mbata, alikuja mwenyewe mlangoni akasema, "Mwatumu, nakwenda Pangani sasa hivi, tumpeleke hospitali." Nikamwambia ahsante, anaendelea vizuri. Nikamwita mganga. Akanyolewa, akachanjwa, akafukizwa. Homa ilipoondoka nilimshukuru Mungu nikadhani nimeshinda.

Utaniuliza kwa nini. Mama yetu hakufa kwa homa ya kawaida kama tulivyowaambia watu wa kwenu siku ya posa. Alikufa amefungwa kamba mikononi, anapiga kelele, na kijiji kizima kilisikia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Semeni alikuwa bado ananyonya. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtazama yule mtoto na kujiuliza lini itamfikia na yeye. Ilipomfikia, jambo nililolijua ni moja tu, kuficha. Nilimwambia, "Ukirudi kwa mumeo usiseme uliugua. Watasema ni damu yetu." Naye akatii. Nadhani kisha akasahau kwamba kulikuwa na jambo la kusema.

Ulipoandika, ungali na wiki tatu mkononi, nilikudanganya mara ya pili. Nilidhani nikikiri utamwacha kabisa, na watu wataijua sababu. Eda yake iliisha tarehe mosi mwezi huu. Siku hiyo nilipika kama siku zote.

Sasa sikiliza lililotokea. Alhamisi iliyopita, asubuhi, Semeni alikuwa anachemsha maji. Nikasikia kishindo. Nilimkuta ameanguka, mwili mzima unatetemeka, povu mdomoni, na mkono wa kulia umo ndani ya makaa. Sikumwita mganga. Nilikwenda kwa Mwinyijuma bila hata viatu. Tulivuka kwa pantoni tukafika hospitali ya Pangani kabla ya adhuhuri.

Daktari alimpima, akamgongagonga magoti, akamwuliza siku gani, mwezi gani, nani mwenzako huyu. Kisha dresa wake, msaidizi wa matibabu, kijana wa Kibondei aitwaye Luka, akakaa nami kwenye benchi akanieleza kwa Kiswahili. Nilimsimulia yote ya Rajabu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ubongo umo ndani ya mfupa, mama," akaniambia. "Mkono ukivimba, ngozi inatanuka. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda. Unajibana wenyewe."

"Lakini homa ilipoa," nikasema.

"Ilipoa. Pale palipobanwa pamebaki kovu. Kovu likiwa mguuni mtu anachechemea, na watu wanamwona wanampisha. Hili liko ndani. Anasahau, anakasirika upesi, mwanga na kelele vinamchosha, na siku nyingine anaanguka kama leo. Watu hawaoni kovu, wanaona dharau."

Nikamwuliza kama ni damu ya ukoo wetu. Akasema homa ya namna hii haiko kwenye damu ya ukoo wa mtu yeyote, inaweza kumshika aliye wako na asiye wako. Nikamsimulia na habari za mama. Akasema hawezi kumpima aliyekwisha kufa, lakini kwa maelezo yangu asingeshangaa kama na yeye ilikuwa homa ya ubongo tu. Homa, Miraji. Tulimfunga kamba mtu mwenye homa.

Mwisho nikamwuliza, "Ningemleta mwezi ule wa Rajabu, angekuwa mzima?" "Labda," akasema. "Homa nyingine zina dawa, nyingine hazina. Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana." Afadhali angenilaumu.

Amepewa vidonge vya kumeza kila jioni ili asianguke. Mengine yatarudi polepole, mengine hayatarudi. Mkono unapona.

Sikuombi unisamehe. Nataka tu ujue kwamba siku ya Idd mke wako hakuwa anakudharau.

Mwatumu


Nguvumali, Tanga
9 Septemba 1957

Dada Mwatumu,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilikuandikia maneno ambayo nimeyachana, na ninamshukuru Mungu kwamba posta hufungwa saa sita siku ya Jumamosi. Wiki tatu, Da Mwatumu. Nilikuwa na nauli mfukoni na ruhusa ya msimamizi. Nilikuwa nangoja neno lako moja.

Siku ya pili nilijiuliza kama nilihitaji neno lako. Nilikaa na Semeni nyumba moja tangu aliporudi hadi Idd, wiki saba. Nilimwona akisimama katikati ya chumba hajui alichofuata. Nilimwona akifunika macho na ukingo wa kanga jua likiingia. Nilimsikia akimwita mama kwa jina la shangazi yangu aliyekufa. Mimi ni fundi, kiti kikilegea mguu natazama kiungo, sikipigi teke. Kwa mke wangu sikutazama.

Kwa hiyo sina lawama kwako nisiyoistahili na mimi. Wewe ulificha kwa hofu. Mimi nilikuwa na macho.

Ninalokuomba ni moja. Msomee Semeni haya yafuatayo, au kama anaweza, mpe asome mwenyewe.

Semeni, mimi Miraji nimejua kwamba uliugua. Siku ya Idd nilikuhukumu kwa jambo usilolifanya kwa hiari yako. Nisamehe. Haki ya kukurejea nimeipoteza, kwa hiyo sasa nakuja kama mtu wa kuposa. Ukikubali tufunge ndoa upya, kwa mahari utakayoitaja mwenyewe. Ukikataa, Tabia ni wako vilevile, na nitamleta wakati wowote utakaosema.

Miraji


Ushongo
Nimeanza 18 Septemba, nimemaliza 22

Kwa baba Tabia,

Barua hii naiandika mwenyewe. Nikifika mistari kumi kichwa kinachoka, naacha, kesho naisoma tangu mwanzo kisha naendelea. Kwa hiyo ukiona nimerudia neno usishangae.

Mmekuwa mkiandikiana habari zangu tangu Julai. Dada amenipa barua zote, zako na nakala za zake, kwa kuwa nilimwambia sitaki kusomewa kipande. Nimezisoma kama mtu anayesoma mambo ya jirani.

Wanasema nilimsahau mtoto wangu sokoni. Silikumbuki soko hilo. Wanasema uliniacha mbele ya wageni. Sikumbuki wageni. Nakumbuka wali ulikuwa na iliki nyingi, na kitu cheupe, nadhani ni kanzu yako. Basi. Wewe unaniomba msamaha kwa siku ambayo mimi sinayo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasamehe hadithi niliyosimuliwa, na nikisema sikusamehe ni hivyohivyo. Sijui nifanye nini na ombi lako.

Ninalolijua ni haya. Nina kovu mkononi, naliona. Nina jingine kichwani, silioni, lakini kila asubuhi nalikuta lipo. Tabia namkumbuka alipokuwa mdogo, uzito wake mgongoni, na alivyokuwa akinishika sikio ili alale. Sura yake ya sasa inanipotea, na hilo ndilo linaloniliza. Wala si talaka.

Dada anapita hapa nyumbani kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Ananipikia, ananikosha kichwa, hanitazami machoni. Nimemwambia yeye na mimi bado hatujamaliza, na tutamaliza sisi wenyewe, kwa wakati wangu.

Kuhusu posa. Umesema nitaje mahari. Sitaki kitanda wala dhahabu. Siku ya Idd uliniacha mbele ya watu, na mpaka leo watu hao wanajua mimi ni mwanamke mwenye dharau, aliyemtukana mkwewe na kumtupa mtoto. Msamaha umeniandikia kwenye karatasi, hakuna aliyeusikia. Waite watu walewale, mama akiwemo, uwaambie kilichonipata. Usiseme shetani, wala pepo. Sema kama alivyosema Luka, ubongo ulivimba kwa homa. Ukisha kufanya hivyo niandikie, nami nitakujibu.

Semeni binti Hatibu


Nguvumali, Tanga
6 Oktoba 1957

Semeni,

Nimefanya.

Juzi Ijumaa baada ya sala niliwaita nyumbani. Walikuja wote wa siku ile isipokuwa ami Massoud, ambaye yuko Pemba kwa karafuu. Mama aliandaa kahawa akidhani nataka kutangaza mchumba, na kwa namna fulani hakukosea.

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kichwani tangu Jumatatu, yakanitoka yote. Nikasema tu, "Siku ya Idd nilimwacha Semeni hapa mbele yenu, mkanisikia nikisema ana dharau. Nilisema uongo bila kujua. Alikuwa mgonjwa." Nikaeleza habari ya ubongo na mfupa, na kovu lisiloonekana. Manase alikuwepo, akasimulia ya Bertha. Mzee mmoja akauliza kama si pepo. Nikasema, "Ni homa, mzee. Pepo tulikuwa sisi." Hakuna aliyecheka.

Mama alisimama na buli la kahawa mkononi. Halafu akaniuliza, "Na mimi nilimwambia nini siku ile?" "Alikuwa ameshapanda basi, mama," nikamwambia, "ulisema asiyesikia huyu na aende." Aliweka buli chini, akaingia ndani. Nilimkuta anakunja nguo za Tabia. Anasema mtoto atakapokuja kwako na yeye anakuja, kwa kuwa ana neno la kukuambia mwenyewe.

Hayo ndiyo uliyoyataka, nami nimeyatimiza. Lakini kuna jambo moja sikuwaambia watu wale. Wala sikumwambia dada yako, nilipomwandikia kwamba nilikuwa na macho. Nilikuwa na masikio pia.

Siku ya tatu tangu uliporudi kutoka Ushongo, nilikuwa nafunga viatu niende kazini. Ulikuja ukakaa sakafuni mbele yangu, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili. Ukasema, "Miraji, kichwani mwangu kuna kitu hakiko sawa. Usinicheke."

Nikacheka. Nikakwambia umezoea starehe za kwa dada yako, sasa kazi zinakuuma. Ulitabasamu ukaniachia mkono. Hukusema tena.

Kwa hiyo dada yako alikwambia ufiche, lakini hukuficha. Uliniambia. Laiti ningekupeleka kwa daktari asubuhi ile, pengine kovu lisingezuilika, lakini Tabia asingekaa chini ya ile meza, wewe usingepanda lile basi, na mkono wako usingeungua.

Najua hulikumbuki. Nilipoisoma barua yako nililiona hilo kwanza, na naona haya kukuambia kwamba nilishusha pumzi. Hakuna mwingine aliyekuwemo chumbani. Ningeweza kunyamaza, tukaoana, tukazeeka, na usingejua kamwe. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujajibu.

Miraji


Ushongo
15 Oktoba 1957

Miraji,

Nimeisoma barua yako Jumamosi, nikaisoma Jumapili, na jana, ili nihakikishe kwamba hasira niliyolala nayo ni ya jambo lilelile. Ni yenyewe.

Nimelia. Si kwa kuwa ulicheka. Nimelia kwa kuwa miezi yote hii nilidhani nilikwenda gizani bila kupiga hodi, kama mjinga asiyejua kinachompata. Kumbe nilijua. Kumbe nilikuwa na akili ya kutosha kuja kukaa sakafuni na kusema. Hilo umenirudishia, na hakuna mwingine ambaye angeweza kunirudishia.

Hili sasa ni langu, kwa hiyo naweza kukujibu. Sijakusamehe. Nitakapokusamehe nitakwambia, na kama nikisahau kwamba nimekwambia, utanikumbusha.

Nitaolewa nawe. Nimefikiri hivi. Siku zangu nyingi zitakuwa na matundu, Luka hakunificha. Nitahitaji kuuliza jana nilifanya nini, nilisema nini, nilimkosea nani. Nikae na mtu atakayenijibu kweli hata kama kweli yenyewe inamwumiza. Dada ananipenda kuliko wewe, lakini bado anaogopa. Wewe umejua ya kunyamazia, ukayaandika.

Masharti yangu ni mawili. Tutakaa Pangani mpaka mwakani, karibu na hospitali, kwa kuwa vidonge haviwezi kukosa hata siku moja. Manase anasema nini kuhusu kazi za useremala huku? Na mama asije na neno, aje na mtoto tu. Maneno tutayapata tukikaa.

Leteni Tabia Alhamisi, tarehe 31 mwezi huu. Nitakuwa pantoni upande wetu wa Bweni tangu asubuhi, na Dada atakuwa nami. Mvikeni gauni lolote, lakini niandikie mapema ni la rangi gani, nimtambue kwa mbali kabla yeye hajaniona natafuta.

Semeni